Somo la Nne: Fikra Njema na Hesabu ya Sufuria
Mwongozo kwa anayekusudia kuanza biashara ndogo ya chakula

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kutenganisha matumaini na matarajio. Kupiga hesabu ya biashara ya chakula kabla ya kununua hata sufuria moja. Kuijaribu biashara hiyo kwa gharama ndogo. Kuwatambua wale wanaouza ndoto kwa fedha taslimu. Na kujua ni mlango gani wa kubisha anapohitaji ushauri, leseni au ulinzi wa sheria. Mifano yetu tumeitoa Mikindani, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, lakini msomaji wa Lindi, Kilwa au Tanga ataiona inamfaa vilevile.

1. Neno lililo vinywani mwa wengi

Yapo maneno ambayo siku hizi husikika kila mahali: redioni, katika semina za ujasiriamali, katika mahubiri, na katika video fupi zinazopita kutoka simu hadi simu. Husemwa kwamba mtu akiamini kwa dhati kuwa atafanikiwa, basi atafanikiwa. Na kwamba aliyeshindwa, alianza kushindwa ndani ya fikra zake. Mafundisho haya si mapya. Mchungaji Norman Vincent Peale wa Marekani aliyaeneza kwa kitabu chake kuhusu nguvu ya fikra njema, kilichotoka mwaka 1952, na tangu hapo yamekuwa yakirudiwa kwa lugha nyingi.

Sisi hatuyabezi. Penye nia pana njia, walisema wazee wetu, na bila ya nia hakuna mtu anayeamka saa kumi alfajiri kukuna nazi. Mtu asiyejiamini hawezi kusimama kando ya barabara ya Lindi na kuwakaribisha wapita njia wasiomjua. Lakini tunao wajibu wa kumlinda mlaji na mnunuzi, na anayekusudia kufanya biashara ni mnunuzi kabla ya kuwa muuzaji: hununua vyombo, hununua mafunzo, hununua mkopo. Mnunuzi aliyejawa na matumaini asiyepiga hesabu ndiye anayedanganywa kwa wepesi zaidi.

Tumchukue mama mmoja wa Magengeni, Mikindani. Yeye si mtu fulani. Ni mfano tulioutunga ili tujifunze pamoja. Ameuza korosho zake na ana shilingi 400,000 mkononi. Mwezi Januari mtoto wake ataingia kidato cha kwanza, na ingawa ada haitozwi, zitahitajika shilingi 150,000 za sare, viatu na madaftari. Mama huyu anapika wali wa nazi na mchuzi wa samaki ambao kila jirani anausifu. Amehudhuria semina akaambiwa: "Usiogope. Anza sasa. Anayeanza na hofu amekwisha kushindwa." Anataka kufungua kibanda cha chakula karibu na kituo cha mabasi. Je, aanze?

2. Somo la karanga

Kabla ya kumjibu, tutazame nyuma kidogo, kwa kuwa pwani hii ya kusini iliwahi kushuhudia biashara ya chakula iliyoanzishwa kwa imani kubwa na hesabu ndogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ulitolewa mpango wa kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki, zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Ili karanga za Nachingwea zipate njia ya kutokea, ilijengwa reli, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Mikindani, uliokuwa mji mkongwe wa majahazi na makao ya serikali tangu Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1895, ukaachwa kando, na shughuli zikahamia mji mpya wa Mtwara.

Waliopanga hawakukosa bidii wala kujiamini. Walichokosa ni jaribio. Hawakulima kwanza shamba dogo kwa misimu michache ili waijue mvua na udongo wa mahali. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga hazikung'oleka. Katika mwaka wa kwanza, 1947, lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilikadiriwa kuwa pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea ilifungwa mwaka 1962.

Serikali ya Uingereza iliweza kuibeba hasara hiyo. Mama wa Magengeni hana mlipakodi wa kumbebea yake. Kwa hiyo funzo la kwanza ni hili: kadiri mtaji ulivyo mdogo, ndivyo jaribio linavyokuwa la lazima zaidi.

3. Matumaini ya aina mbili

Mtaalamu wa saikolojia Gabriele Oettingen, pamoja na mwenzake Thomas Wadden, walichapisha mwaka 1991 uchunguzi juu ya wanawake 25 waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Waliona jambo la kustaajabisha. Wale waliotarajia kufanikiwa, yaani waliopima hali yao na kuona kuwa wanaweza, walipunguza uzito zaidi. Lakini wale waliokuwa wakijipendezesha kwa picha tamu za mafanikio, wakijiona tayari wamekuwa wembamba, walipunguza kidogo kuliko wenzao. Picha tamu ya moyoni iliwapa raha ya ushindi kabla ya kazi, na kwa hiyo ikawapunguzia nguvu ya kuifanya.

Baadaye Oettingen alifundisha njia nyepesi: taja unachokitaka, kisha taja, bila kujificha, kizuizi kikubwa kitakachokuzuia, kisha panga utafanya nini kizuizi hicho kitakapotokea. Njia hii haiui matumaini. Inayapa miguu ya kutembelea.

Mama wetu akiifuata, atasema hivi: "Nataka kuuza sahani 30 kila siku. Kizuizi changu kikubwa ni kwamba samaki hupanda bei na jamaa zangu hupenda kukopa. Samaki wakipanda, nitapika dagaa au maharage. Jamaa akitaka kukopa, nitamwambia fedha hii ni ya sare ya mtoto." Huyu amekwisha kufikiri vyema kuliko yule anayerudia mbele ya kioo kwamba yeye ni tajiri.

4. Hesabu ya sahani thelathini

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuichukue kalamu. Bei tulizotumia hapa ni za mfano. Msomaji aweke bei za soko lake za wiki hii.

Mama anakusudia kupika sahani 30 na kuuza kila moja kwa shilingi 2,500. Gharama za siku moja ni hizi:

Mchele kilo 5 kwa shilingi 2,800: 14,000
Samaki: 24,000
Nazi 5 kwa shilingi 1,000: 5,000
Mafuta, nyanya, vitunguu, ndimu na chumvi: 6,000
Mkaa: 5,000
Maji na sabuni: 2,000
Kodi ya kibanda kwa siku: 1,500
Ushuru: 500
Ujira wa msaidizi: 6,000
Jumla: 64,000

Akiuza sahani zote 30 atapata shilingi 75,000, na zitabaki 11,000. Hizo si faida ya ziada. Ndizo ujira wake yeye mwenyewe wa kutwa nzima. Sahani 6 zikibaki, atapata 60,000, na atakuwa amefanya kazi kutwa kwa hasara ya 4,000. Ili asipate wala asipoteze, ni lazima auze sahani 26 kati ya 30. Samaki wakipanda kutoka 24,000 hadi 34,000, hata akiuza zote atabakiwa na shilingi 1,000 tu.

Sasa tutazame mtaji. Vyombo, meza, jiko na ndoo zenye koki vitagharimu shilingi 180,000. Fedha ya kuzungusha kwa siku mbili ni 128,000. Jumla ni 308,000. Lakini fedha ya shule, shilingi 150,000, isiguswe; kwa hiyo zilizo huru ni 250,000. Amepungukiwa na 58,000, na hapo ndipo jirani humwambia: "Kakope."

5. Mikopo, mbegu na semina

Kukopa harusi, kulipa matanga. Tuseme mkopeshaji wa mtaani yuko tayari kumpa shilingi 300,000, arejeshe 13,000 kila siku kwa siku 30. Riba haikutajwa, lakini hesabu inaitaja: 13,000 mara 30 ni 390,000. Na tuikumbuke hesabu ya juu: siku iliyo njema kuliko zote humwachia 11,000. Kwa hiyo hata asipobakiza sahani moja, atapungukiwa na 2,000 kila siku, na yeye na watoto hawajala. Mikopo ya namna hii wananchi wenyewe wameipa jina: kausha damu. Hakuna fikra njema inayoweza kuifanya 11,000 itoshe kulipa 13,000.

Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa biashara ni lazima awe na leseni. Muulize leseni yake kabla ya kutia saini, na udai mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili unaoonyesha jumla ya fedha utakazorejesha. Tahadhari hiyo ni ya simu pia: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Usitoe kitambulisho cha taifa wala kadi ya benki kuwa dhamana.

Jihadhari vilevile na wale wanaosema fedha yako ni mbegu. Watu wazima watakumbuka DECI. Wanachama waliambiwa wapande mbegu, yaani watoe fedha, na baada ya muda watavuna nyingi zaidi. Hapakuwa na shamba. Waliovuna walilipwa kwa fedha za waliopanda nyuma yao. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha mchezo huo, na mwaka 2013 mahakama iliwatia viongozi wake hatiani. Sheria huuita upatu. Tusiuchanganye na mchezo wa majirani kumi wanaochangiana na kupokezana kwa zamu: hapo kila mmoja hupata kile kile alichotoa, na wote hujuana. Upatu wa haramu huahidi kwamba utapata zaidi ya ulichotoa kwa sababu tu umeleta watu wengine.

Na semina? Zipo zenye manufaa. Anayefundisha kutunza kumbukumbu, kuhifadhi samaki au kufungasha korosho anastahili malipo yake. Lakini uliza maswali manne kabla ya kulipa. Nitajifunza kazi gani ya mikono au ya daftari? Mwalimu ameifanya kazi hiyo wapi? Je, ninalazimika kununua bidhaa au kuleta watu? Nisiporidhika, nitarudishiwa fedha? Mtoa semina anayejibu kwa kusema, "Maswali hayo ni dalili ya fikra hasi," amekwisha kukujibu. Funga mkoba wako, uende zako.

6. Kalenda ya Mikindani

Mpango wa biashara ulioandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam hauwezi kuhamishiwa Mikindani bila kubadilishwa. Hapa bahari ndiyo mweka bei. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali, na wanaochokoa pweza kwenye miamba hupata. Wakati wa maji mafu, kitoweo hicho huadimika. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hukaa pwani na bei ya samaki hupanda. Anayeuza wali na samaki kila siku bila kuwa na chakula cha pili, ameikabidhi bahari ufunguo wa kasha lake.

Nchi kavu nayo ina majira yake. Kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka korosho huuzwa mnadani na fedha huzunguka. Wateja ni wengi na hawabishani bei. Ifikapo Machi, katikati ya mvua, mifuko huwa imekauka na watu hula nyumbani: mihogo, ming'oko, dagaa. Anayeanza Novemba asidhani kwamba wateja wa Novemba ndio wa Machi. Mwezi mtukufu wa Ramadhani, ambao kila mwaka huwahi kwa siku kama 11, hufunga biashara ya mchana katika mji wenye Waislamu wengi, lakini hufungua ya jioni: kalimati, vitumbua, tambi na mihogo ya nazi kwa ajili ya futari.

Chora mstari wa miezi 12 katika daftari lako. Juu yake andika miezi ya fedha, chini yake miezi ya ukata. Kisha jiulize: miezi ya ukata nitaishi kwa nini?

7. Jaribio la siku 15

Majirani humsifu mama kwa wali wake. Sifa hizo ni za kweli, lakini ni sifa za chakula cha bure. Anayekula harusini hatazami bei. Njia ya pekee ya kujua kama watu watanunua ni kuwauzia.

Tunapendekeza siku 15, kwa sababu muda huo hukusanya bamvua moja na maji mafu yake, pamoja na mwanzo au mwisho wa juma zaidi ya mmoja. Tumia vyombo vya nyumbani. Uzia barazani kwako au pahala utakaporuhusiwa. Usiajiri mtu, na usimtoe mtoto shuleni ili akusaidie. Kabla ya siku ya kwanza, andika kikomo: "Nikipoteza shilingi 60,000, nitasimama." Kikomo huandikwa mapema kwa sababu katikati ya hasara moyo hukataa kukitaja.

Mama wetu anapika sahani 20 kwa siku. Gharama zake ni hizi: mchele kilo 3 na nusu, 9,800; samaki 16,000; nazi 3,000; mafuta na viungo 4,000; mkaa 4,000; maji na sabuni 2,000; ushuru 500. Jumla ni 39,300. Akiuza zote atapata 50,000, na zitabaki 10,700. Msomaji na asimame hapa kidogo alinganishe. Kibanda chenye msaidizi na sahani 30 kilimwachia 11,000. Baraza isiyo na msaidizi, yenye sahani 20, inamwachia 10,700. Tofauti ni shilingi 300, lakini hatari imepungua sana: sahani za kumwepusha na hasara ni 16, si 26.

Tuseme matokeo ya siku 15 yamekuwa hivi. Siku 9 aliuza sahani zote 20. Siku 4 aliuza 16. Siku 2 mvua ilinyesha akauza 10 tu. Jumla ni sahani 264, sawa na shilingi 660,000. Gharama za siku 15 ni 589,500. Kilichobaki ni 70,500. Lakini sahani 8 zilichukuliwa kwa mkopo na hazijalipwa, ambazo ni shilingi 20,000. Fedha iliyo mkononi kweli ni 50,500, yaani chini ya shilingi 3,400 kwa siku.

Hesabu hii haimwambii mama aache, wala haimwambii atajirike. Inamwonyesha matundu matatu ya mtumbwi wake: siku za mvua alipika zaidi ya wateja; siku za maji mafu alinunua samaki ghali badala ya kupika dagaa; na ndugu walikula bila kulipa. Matundu yote matatu yanazibika.

Hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu ni la undugu. Mjomba akija na kusema, "Mwanangu, nipe sahani, nitakulipa kesho," hawezi kufukuzwa. Mama anaweza kumjibu kwa adabu: "Shikamoo mjomba. Karibu jioni nyumbani ule na sisi; cha barazani si changu, ni cha mtoto wa shule." Amemheshimu mkubwa wake, na ameilinda sufuria. Chakula cha ukarimu kitoke katika chungu cha nyumbani. Chakula cha biashara kilipiwe.

8. Haki ya mlaji

Mteja anayekaa kwenye benchi lako anakuamini kwa jambo ambalo hawezi kulikagua. Akiugua yeye, au akiugua mtoto wake, sifa zako zote zitakwisha kwa siku moja. Kwa hiyo usalama si mapambo ya biashara. Ndio biashara yenyewe.

Shirika la Afya Duniani hufundisha nguzo tano za chakula salama: usafi wa mikono, vyombo na mahali, kutenganisha kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kiive ndani kabisa, kukiweka katika joto lililo salama, na kutumia maji na vyakula salama. Kwa mpishi wa Mikindani tunaongeza mambo mawili.

Kwanza ni wali. Wali uliopikwa ukiachwa katika joto la kawaida, vijidudu vilivyosalimika motoni huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Wali ubaki wa moto, nyuzi 60 au zaidi, mpaka unapoliwa. Uliokaa nje kwa zaidi ya saa mbili usiuzwe kesho yake.

Pili ni samaki. Vibua, jodari na wenzao wakikaa juani bila barafu, nyama yao hutengeneza histamini. Mlaji hupata wekundu wa uso, kuwashwa, kichwa kuuma na kutapika. Histamini haiondoki kwa kukaangwa wala kwa ndimu. Nunua samaki mwenye macho angavu na mashavu mekundu, mweke kwenye barafu, na mpike siku hiyo hiyo. Usinunue samaki wa baruti, hata wakiwa rahisi: hununui kitoweo tu, unalipia kuvunjwa kwa miamba ambayo kesho ingekulisha.

9. Milango ya kubisha

Afisa afya wa kata atakueleza masharti ya usafi wa mahali pa kuuzia na kupima afya kwa wanaoshika chakula. Nenda kwake kabla ya kujenga, si baada ya kufungiwa.

Ofisi ya biashara ya Manispaa itakueleza ni leseni au kitambulisho gani kinachokufaa. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato. Yeyote anayekuuzia, anakudanganya.

Afisa maendeleo ya jamii atakueleza juu ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mlinganishe na yule wa 13,000 kwa siku.

SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hutoa mafunzo na ushauri wa usindikaji na ufungashaji. Shirika la Viwango husimamia ubora wa vyakula, kazi iliyohamishiwa kwake mwaka 2019. Wakala wa Vipimo hukagua mizani. Ukiuziwa kilo pungufu ya mchele, huko ndiko kwa kulalamika. Na kama umedanganywa na tangazo au bidhaa isiyo halisi, Tume ya Ushindani humlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Tunza risiti: bila risiti, malalamiko huwa hadithi.

10. Kuamua

Turudi sasa kwa mama wa Magengeni. Akibaki na biashara ya baraza na kununua vyombo vichache vya shilingi 90,000, pamoja na fedha ya kuzungusha kwa siku mbili, 78,600, atatumia 168,600. Katika zile 250,000 zitabaki 81,400 za akiba, deni halitakuwapo, na sare ya mtoto itakuwa imekwisha kununuliwa. Tungemshauri aanze hivyo, azibe yale matundu matatu, na apige hesabu upya kila mwisho wa mwezi. Asijenge kibanda mpaka daftari, si semina, limwambie kuwa wateja wanarudi bila kukuta chakula.

Na kama hesabu ya mwezi ingesema hapana, tungemshauri aache. Kuacha mapema si fikra hasi. Nahodha anayerudi bandarini kwa kuona wingu hajashindwa na bahari. Amekihifadhi chombo kwa safari nyingine. Aliyepoteza 60,000 anaweza kujaribu tena mwakani. Aliyepoteza 400,000 na kubaki na deni, atakuwa akifanya kazi kwa ajili ya mkopeshaji.

Fikra njema, basi, ziwe ni hizi: kuamini kwamba unaweza kujua ukweli wa biashara yako, na kwamba ukishaujua utakuwa na nguvu ya kuutenda.

Maswali ya majadiliano

1. Andika kizuizi kimoja kikubwa cha biashara unayoikusudia. Kikitokea, utafanya nini siku hiyo hiyo?
2. Kwa bei za soko lako za leo, piga hesabu ya sahani 20. Ni ya ngapi inayokuvusha kutoka katika hasara?
3. Ni miezi gani fedha huadimika mtaani kwenu, na ni chakula gani watu huendelea kukinunua hata wakati huo?
4. Igizeni wawili wawili: mmoja awe jamaa anayetaka kukopa sahani, mwingine muuzaji. Jibu lipi lililinda heshima na mtaji kwa pamoja?
5. Mkopeshaji anakupa 200,000 na kutaka 9,000 kila siku kwa siku 30. Utarejesha jumla ya kiasi gani, na je, biashara yako hubakiza kiasi gani kwa siku?